Barua pepe ya chuo: ubaki na namba ya usajili au uchukue jina?

Chuo kikitangaza kwamba mwanafunzi anayetaka anaweza kupewa anwani ya barua pepe yenye jina lake, kuna wanaojaza fomu siku hiyo hiyo na kuna wasioigusa kabisa kwa kuwa ile ya namba "bado inafanya kazi". Kabla hujafuata kundi lolote, fahamu kwamba njia si mbili. Ni tatu, na ya pili na ya tatu hufanana sana kwenye tangazo ilhali matokeo yake ni tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni kubaki na namba. Ya pili ni kuongezewa jina kama lakabu: barua zinazotumwa kwa jina na zinazotumwa kwa namba zinaingia kisanduku kimoja, lakini akaunti unaifungua kwa namba kama zamani. Ya tatu ni kubadilishiwa akaunti yenyewe, jina likawa anwani kuu na namba ikashuka kuwa lakabu. Fomu isiposema ni ipi kati ya hizo mbili za mwisho, iulize idara ya TEHAMA kabla ya kutia sahihi.

Tumchukue mwanafunzi wa kubuni, Faith Wanjiku Njoroge, mwenye namba X12/0457/2023. Kila njia inampa hivi:

| | Namba peke yake | Namba na lakabu ya jina | Jina kuwa anwani kuu |
|---|---|---|---|
| Kabla ya @ | x12-0457-2023 | x12-0457-2023 pamoja na faith.njoroge | faith.njoroge, namba inabaki lakabu |
| Anaingia kwa | namba | namba | jina |
| Wi-Fi ya eduroam (mtandao wa pamoja wa vyuo) | haiguswi | haiguswi | huenda akaiweka upya kwenye kila kifaa |
| Moodle (mfumo wa kozi mtandaoni) na mifumo mingine | haiguswi | haiguswi | hatari ya kupata akaunti mbili |
| Akihama kozi | anwani huenda ikabadilika | jina halibadiliki | jina halibadiliki |
| Kazi ya kufanya | hakuna | dakika kumi kwenye kompyuta | kuzungukia kila huduma aliyojisajili |

Kwa walio wengi, safu ya katikati ndiyo ya kuchukua. Ila lipo la kusema kuhusu namba yenyewe, na mengi zaidi kuhusu jina.

Namba inasema nini juu yako

Namba ya usajili ya vyuo vyetu vya Kenya si tarakimu za kubahatisha. Ina msimbo wa kitivo au kozi, nambari ya mfuatano, na mwaka wa kuingia. Anayeijua mifumo hii akiiona anwani yako atajua unasoma nini, ulianza lini, na kama uliahirisha masomo mwaka mmoja ataligundua hilo bila kukuuliza.

Kuna jambo zito zaidi. Kwenye kijitabu cha mtihani huandiki jina, unaandika namba, ili mhadhiri asahihishe bila kujua ni kazi ya nani. Idara nazo zina mazoea ya kubandika matokeo ubaoni kwa namba tu. Sasa mtu aliye ndani ya mfumo wa barua pepe wa chuo hicho aandike x12-0457-2023 kwenye nafasi ya mpokeaji. Ikiwa saraka ya chuo, yaani orodha ya majina na anwani za watu wake, iko wazi kwa wote, kabla hajamaliza kuandika mfumo utampendekezea "Faith Njoroge" na picha juu yake. Ile karatasi ya ubaoni imekuwa orodha ya majina na alama, na hakuna aliyedukua chochote. Kumbuka kwamba kuchukua lakabu hakuondoi tatizo hili, kwa kuwa namba bado ipo chini yake. Dawa iko kwa wasimamizi: saraka ya wanafunzi inaweza kufungwa au kupunguzwa ili isionekane na kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data binafsi itumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na kuanika jina la mtu kwa kila anayeandika namba yake ni jambo gumu kutetewa chini ya sheria hiyo.

Namba pia hukisiwa kirahisi. Mlaghai akijua darasa lako linaanzia 0001 na kuishia karibu na 0480, ana anwani za darasa zima bila kuiba orodha yoyote, na barua ya "thibitisha akaunti yako upate mkopo" itawafikia nyote kwa dakika moja. Anwani za majina zinakisiwa pia, lakini lazima kwanza apate majina.

Kosa la herufi na kosa la tarakimu

Hapa jina linashinda waziwazi. Mtu akikosea na kuandika faith.njoroje, seva itamrudishia ujumbe wa kosa, mara nyingi wenye msimbo 550 5.1.1, yaani mpokeaji hayupo. Atarekebisha na kutuma tena. Akikosea namba na kuandika 0475 badala ya 0457, barua inafika salama salimini kwa mtu mwingine, kwa sababu 0475 yupo na anasoma darasa hilo hilo. Kama kiambatisho kilikuwa barua ya karo au rufaa ya matokeo, mambo yako yamefika kwa mwenzako na wewe hujui.

Ofisi nazo hujikwaa zinapogeuza namba kuwa anwani. Mkwaju uliomo kwenye namba hautumiki: kanuni za barua pepe zinauruhusu, lakini Google Workspace, huduma ya Google kwa taasisi, haiukubali na fomu nyingi za mtandaoni huukataa. Basi watu huufuta tu. X12/0457/2023 inakuwa x1204572023. Sawa, lakini X1/20457/2023 nayo ikifutwa mikwaju inakuwa x1204572023 ile ile. Wanafunzi wawili, anwani moja. Kistari kifupi mahali pa mkwaju kinamaliza matatizo haya, na hakigharimu kitu.

Halafu kuna simu. Umepigia ofisi fulani ya Upper Hill kuulizia atachimenti, yaani nafasi ya mafunzo kazini, na sauti ya mapokezi inakuomba imeili.

"Eksi, kumi na mbili, kistari, sifuri, nne, tano, saba, kistari..."

"Pole, hebu rudia. Hiyo ni sifuri ama ni herufi o?"

Nyuma yako matatu inapiga honi. Ukisema "Faith nukta Njoroge" umemaliza. Lakini tusiwadanganye watu wote: anayeitwa Mohamed ataulizwa kama ni m moja au mbili, ni a au e, Stephen ataulizwa kama ni ph au v, Catherine kama ni C au K. Kwa hao, faida ya jina kwenye simu ni ndogo.

Jina, na mitego yake

Mtego wa kwanza ni mpangilio. Mifumo ya usajili huchukua majina jinsi yalivyoandikwa kwenye cheti cha KCSE au kitambulisho, na mpangilio wa karatasi hizo mara nyingi haufanani. Kompyuta iliyoambiwa "jina la kwanza, nukta, jina la mwisho" ikipewa NJOROGE FAITH WANJIKU itatoa njoroge.wanjiku, ambalo hakuna anayemwitia Faith. Usikubali anwani iliyozalishwa na mashine kabla hujaiona kwa macho yako. Fomu nzuri humwonyesha mwombaji maumbo mawili au matatu achague.

Mtego wa pili ni majina yanayofanana, na Nairobi haina uhaba wa akina Brian Otieno, Faith Wanjiku, Kevin Omondi na Mohamed Hassan. Njia ya mkato ya ofisi nyingi ni tarakimu: wa kwanza anapata brian.otieno, wa pili brian.otieno2, wa tatu brian.otieno3. Watu hudhani anayeumia ni huyo wa tatu. Anayeumia zaidi ni wa kwanza. Yeyote anayesahau tarakimu anamtumia yeye, kwa hiyo kisanduku chake kinageuka posta ya majina yake yote: vikao visivyomhusu, tasnifu za watu, barua za karo. Tena hakuna barua inayorudi na kosa, kwa kuwa anwani yake ipo na inapokea.

Ikiwa jina lako ni la kawaida, omba majina matatu tangu mwanzo: brian.ochieng.otieno. Ni refu, lakini kikomo cha sehemu iliyo kabla ya @ ni herufi 64, na ni nadra majina yetu matatu kufika huko. Herufi moja ya katikati, brian.o.otieno, inafaa kidogo tu, maana kwa Wajaluo herufi hiyo itakuwa O au A mara nyingi. Kwa majina ya Pwani na ya Kisomali, ambayo kwa kawaida ni la mtu, la baba na la babu, hakuna "jina la ukoo" la kuchomoa, mohamed.abdi.hassan ndilo umbo la haki. Tarakimu ni chaguo la mwisho. Na ofisi ikigundua majina mawili yamegongana, sera njema ni kutompa yeyote lile umbo fupi.

Kisha ritifaa. Ng'ang'a, Nyang'au na Ong'era si majina adimu. Kiufundi ritifaa inaruhusiwa katika anwani, hata Google Workspace inaipokea, lakini usiiombe. Simu nyingi hubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda mtu anapoandika, na hizo ni alama mbili tofauti kwa seva. Fomu nyingi za maombi ya kazi nazo huikataa zikidai anwani si halali. Kila aliyepita darasa la kwanza anajua ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe, kwa hiyo kuandika nganga kunauma, lakini ndiyo anwani itakayofika. Jina linaloonekana mbele ya anwani, lile la "Kutoka kwa", linakaa kando na anwani yenyewe: pale andika Ng'ang'a kamili, na ritifaa yake.

Ole na arap huunganishwa na jina linalofuata au huachwa, kwa kuwa nafasi tupu haikubaliki. Usitumie mstari wa chini kama kiunganishi: anwani ikigeuzwa kiungo inapigiwa mstari, na mstari wako unafichika humo, msomaji akadhani ni nafasi tupu. Nukta inatosha. Ila ujue nukta za Gmail ya kibinafsi hazihesabiwi, wakati za akaunti ya chuo iliyo juu ya Google Workspace zinahesabiwa. Faithnjoroge na faith.njoroge ni watu wawili huko. Msimamizi anaweza kuongeza umbo lisilo na nukta kama lakabu nyingine. Google humruhusu kila mtumiaji lakabu 30 bila malipo, basi hakuna sababu ya kubana.

Mwisho, herufi ya kwanza ikiunganishwa na jina la mwisho. Ni umbo linalopendwa na wahandisi kwa ufupi wake, mpaka siku Paul Unda anapopewa punda. Lisome kwa sauti kabla ya kulikubali. Na kama fomu inakuacha uandike upendalo, jiepushe na la mtaani. Brayo ni jina tamu kwenye vikao, si juu ya pendekezo la utafiti.

Kwa nini lakabu, si kubadilisha akaunti

Google Workspace ikibadilisha jina la mtumiaji, anwani ya zamani hubaki kuwa lakabu yenyewe, na barua na faili za Drive hazipotei. Hilo ni zuri. Shida iko nje ya Google.

Mifumo mingi ya chuo humtambua mtu kwa anwani ya barua pepe. Moodle iliyounganishwa na kuingia kwa akaunti ya Google hulinganisha anwani inayoletwa na ile iliyo nayo. Ukija na faith.njoroge na Moodle inamjua x12-0457-2023, inaweza kukufungulia akaunti mpya tupu: hakuna kozi, na alama zako za CAT (majaribio ya muhula) zimebaki kwenye ile ya zamani. Mfumo uliojengwa vizuri hautegemei anwani. Katika OpenID Connect, kanuni ya kuingia mifumo mingi kwa akaunti moja, kuna kitambulisho kinachoitwa sub, ambacho hakibadiliki hata jina likibadilika. Ila usitegemee kwamba kila mfumo wa chuo umejengwa hivyo. Kabla ya kuchagua njia ya tatu, uliza swali moja: Moodle, maktaba na mfumo wa karo vinanitambua kwa nini? Ukijibiwa kwa kusitasita, chukua lakabu.

Kwa eduroam, ambayo Kenya inaratibiwa na KENET, mtandao wa taasisi za elimu, kilicho baada ya @ huelekeza ombi lako hadi seva ya chuo chako, na kilicho kabla ya @ hukaguliwa huko na nywila. Lakabu haimo katika ukaguzi huo mara nyingi. Kwa hiyo mwenye lakabu aendelee kuandika namba kwenye Wi-Fi, na aliyebadilishiwa akaunti afute mtandao kwenye simu na kuuweka upya, la sivyo simu itakuwa ikijaribu jina la zamani kimya kimya na kukataliwa. Ukiwa umetembelea chuo kingine hutapata wa kukusaidia, kwa kuwa wenyeji hawawezi kuona kosa liko wapi kwenye seva ya kwenu.

Kwa vyuo vilivyo kwa Microsoft 365 kuna kikwazo kingine: lakabu hupokea barua tangu siku ya kwanza, lakini kutuma kwa lakabu hakuwezekani mpaka msimamizi awashe ruhusa hiyo kwa taasisi nzima. Ukijibu barua na bado inaonyesha namba, kosa si lako.

Kuiweka lakabu ifanye kazi

Kwa Gmail ya chuo, tumia kivinjari kwenye kompyuta. Programu ya simu haina mahali pa kuongeza anwani ya kutumia.

Kwanza, jitumie barua kutoka akaunti yako ya kibinafsi kwenda anwani mpya. Ikirudi na kosa, subiri hadi kesho yake ndipo ulalamike. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuenea. Ikifika, fungua mipangilio yote kwenye gurudumu lililo juu kulia, nenda kwenye akaunti, kisha kwenye sehemu ya kutuma barua kwa anwani nyingine. Andika jina lako kamili na anwani ya jina, uache alama ya kuichukulia kama lakabu ilivyo. Ifanye kuwa chaguo msingi. Chini yake kuna chaguo la kujibu kwa anwani ile ile iliyoandikiwa. Liwashe, ili anayekujua kwa namba asishtuke kuona jibu limetoka kwa anwani asiyoifahamu.

Hatua hii watu huiruka. Wanapewa lakabu, wanaitangaza, kisha kila jibu wanalotoa linaondoka na namba, na mpokeaji anaihifadhi hiyo.

Kama uko kwenye orodha za barua za Mailman, programu inayosambaza barua moja kwa wanachama wote, angalia ulijiunga kwa anwani gani. Orodha humtambua mwanachama kwa anwani aliyojiungia, na barua kutoka kwa lakabu itasubiri msimamizi au itakataliwa.

Nani achague nini

Mwaka wa kwanza hana haraka, isipokuwa kama jina lake ni la kawaida sana na maumbo mazuri hupewa anayetangulia. Aliye mwaka wa tatu au wa nne, anayeanza kuandikia waajiri, aichukue sasa. Wa uzamili na uzamifu aichukue kabla ya makala yake ya kwanza kuchapishwa: anwani ya mwandishi ikishachapishwa kwenye jarida haifutiki, na namba ya usajili hupoteza maana ukishahitimu. Anayehama kozi ana sababu kubwa kuliko wote, kwa kuwa namba yake huenda ikabadilika na anwani nayo.

Wahadhiri na wafanyakazi wenye anwani ya namba ya mshahara hawana la kufikiria. Wachukue jina.

Anayetarajia kubadilisha jina, kwa ndoa au kwa hati ya kubadilisha jina (deed poll) inayochapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, achukue lakabu tu. Jina jipya litaongezwa juu ya la zamani na barua za zamani zitaendelea kuingia. Na kuna asiyetaka kupatikana kwa jina, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Huyo abaki na namba, wala asilazimishwe kueleza. Ndiyo maana ya hiari.

Idara nayo iwe na masharti mawili yasiyojadiliwa. Majina ya vyeo kama registrar, dean, postmaster na abuse yasipewe mtu binafsi. Na anwani ya mtu aliyeondoka isipewe mwingine: mrithi wake anaweza kubonyeza "nimesahau nywila" kwenye huduma ambazo mwenzake alijisajilia, akajikuta ndani.

Siku ya kuhitimu

Jina si ahadi ya kudumu. Google ilitangaza mwaka 2021 kwamba taasisi za elimu zitapewa terabaiti 100 za kugawana, na kwa zilizokuwa tayari na huduma hiyo mpango ukaanza Julai 2022. Tangu hapo chuo kina sababu ya kuhesabu akaunti za waliohitimu. Kwa hiyo kwenye CV weka anwani yako ya kibinafsi, ORCID, kitambulisho cha kudumu cha mtafiti, iunganishe na zote mbili, na uliza mapema akaunti hufungwa baada ya muda gani. Google ina zana ya kuhamisha barua na faili kutoka akaunti ya shule kwenda ya kibinafsi, ikiwa msimamizi hajaizima. Nakala ya kisanduku kikubwa inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku kadhaa, kuandaliwa, kwa hiyo usiianzishe asubuhi ya mahafali ukiwa na joho mkononi.